Rafiki Anakuja Arusha: Mpikie Kinachotoka Mlimani

Rafiki akikupigia simu kwamba wiki ijayo anapanda basi kuja Arusha, utafikiria kwanza pa kumlaza, kisha chakula. Hapo kwenye chakula ndipo nyumba nyingi za mjini kwetu hujichosha bure. Tunaagiza kreti ya soda, tunanunua kuku wa kisasa wawili, mchele wa bei ya juu, juisi za boksi na soseji za kifungua kinywa. Siku zote za ugeni nyumba inakula vya harusini. Mgeni akishaondoka tunarudi kwenye ugali na mchicha, daftari la madeni la Mangi mwenye duka limejaa, na watoto wamejifunza jambo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha: kwamba tunda hukatwa nyumbani akija mtu wa nje.

Nina shauri moja kwako, na maelekezo yote yanayofuata yanatokana nalo. Mpikie mgeni chakula ambacho nyumba yako itaweza kuendelea kukila akishaondoka. Katika mji mwingine huenda shauri hilo lingeonekana la ubahili. Hapa ni heshima kubwa kwa mgeni, kwa sababu ya mahali tulipo. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake ya kusini na mashariki hupata mvua nzuri inayolea migomba, kahawa na miparachichi. Tambarare za chini hutoa mahindi na maharage. Na upande wa kaskazini, Ngarenanyuki, ambako mvua ni haba, watu humwagilia nyanya na vitunguu kwa maji yanayoshuka kutoka mlimani. Rafiki yako wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat ana soda kwao. Mtori wa ndizi zilizokatwa jana Nkoaranga hana.

Kabla hajafika

Ukiwa na wiki moja mkononi, anza kwa kuandika. Kila shilingi inayotoka kwa ajili ya chakula iingie daftarini, pamoja na ile uliyompa mtoto akakimbie gengeni kuleta nyanya za kuungia mboga. Usibadilishe chochote wiki hiyo, andika tu. Wengi wanaofanya hivi hugundua kwamba nyama na mchele havikula fedha kama walivyodhani. Iliyokula ni robo ya sukari leo, mafuta ya kupima kesho, kitunguu kimoja kimoja, na mkate wa jioni ambao nusu yake ulikauka.

Simlaumu anayenunua hivyo kwa kukosa njia. Fundi, mama lishe na kijana wa bodaboda hupata fedha kwa siku, kwa hiyo hununua kwa siku, na Mangi anayewaandikia daftarini anawapa mkopo ambao hakuna benki ingewapa. Ninayezungumza naye ni yule anayepokea mshahara mwisho wa mwezi na bado ananunua mchele kilo moja moja hadi mwezi uishe. Huyo ana uwezo wa kununua kwa jumla, ila hana mazoea.

Wazee wetu walikuwa nayo mazoea hayo, na walikuwa na sababu. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mji kama huu, ambao barabara yake ya kaskazini inakwenda moja kwa moja Namanga, hilo lilikuwa pigo la jikoni: mafuta ya kupikia, sabuni na sukari vikawa vitu vya foleni au vya magendo. Mwaka 1983 ulipoendeshwa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, watu walikuwa wamezoea kuona rafu tupu. Nyumba iliyokuwa na pipa la mahindi, debe la maharage na mkungu unaoning'inia stoo ndiyo iliyoweza kumpokea mgeni bila kutahayari. Siku hizi maduka yamejaa, na stoo zetu zimegeuka mahali pa kuwekea masanduku.

Maduka yenyewe huja na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania, likiwamo la Arusha, kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, na baada ya miaka michache Nakumatt nayo ikafunga. Muda wote huo akina mama wa Tengeru waliendelea kupanga ndizi chini siku zilezile za wiki, na bado wanapanga.

Baada ya wiki yako ya kuandika, tenga chakula kwa jinsi kinavyokaa. Kisichoharibika upesi, yaani mchele, maharage, unga, mafuta, sukari na chumvi, kinunue mara moja kwa mwezi. Kinachokaa wiki, kama vitunguu, viazi, karoti, kabichi na ndizi mbichi, kifuate siku ya soko. Majani, maziwa na nyama ndivyo vya kununua vya leo, na hivyo mwachie dada wa genge la jirani. Ukimpunja huyo kwa kuhamishia kila kitu sokoni utamkosa siku ya mvua, naye ndiye atakayekuwekea mnafu mbichi ukimwambia mapema kwamba una mgeni.

Siku ya soko

Mpeleke rafiki yako sokoni. Huhitaji kumpeleka mbugani ili aone Arusha.

Soko la Tengeru, kwenye barabara ya Moshi, hufanyika Jumatano na Jumamosi. La Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, hufanyika Alhamisi na Jumapili. Yote mawili hayazidi kilomita 15 kutoka katikati ya mji na magari yake hayakauki. Kilombero na Soko Kuu hufunguliwa kila siku, na ndiko pa kukimbilia mgeni akifika Jumatatu bila taarifa. Kama siku inakuruhusu kuchagua, kwa mgeni mimi ningechagua Tengeru: wanawake wa Kimeru hushuka na mizigo yao wenyewe, na mara nyingi unayezungumza naye ndiye aliyelima. Kwa viazi, mahindi na maharage ya kuweka ndani, Ngaramtoni haina kasoro.

Fika asubuhi, kabla jua halijachoma majani. Beba kikapu au kiroba chako, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mifuko mbadala inayouzwa sokoni haivumilii uzito wa viazi. Salimia kabla ya kuuliza bei. "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri, "habari za asubuhi dada" kwa wa rika lako. Mgeni wako wa pwani atakuwa amezoea adabu hiyo, lakini aliyeishi ughaibuni muda mrefu mkumbushe. Bei ikitajwa, punguza kwa staha, na pale mnapokutana omba nyongeza. Muuzaji ambaye ndiyo kwanza anafungua biashara usimchoshe kwa kuuliza kisha ukaondoka mikono mitupu. Kama hununui, usianze kupatana.

Kwenye ndizi sema unachotaka kupika, usiseme "ndizi" tu. Mshare ni za kupika: laini, zinapondeka, ndizo za mtori. Mzuzu ni za kukaanga au kuchemsha zikianza kuiva. Ndizi bukoba huliwa nyumba nyingi kwa nyama. Kisukari ni ya kula mkononi, ndogo na tamu, na mtoto akipewa hiyo hatadai biskuti. Kununua mkungu mzima wa mshare ni nafuu kuliko kununua chana kila baada ya siku mbili. Utundike penye kivuli na hewa, ukate kutoka chana za juu, kwa kuwa hizo hukomaa mapema.

Kwenye nafaka, angalia kipimo. Sado na debe hupima ujazo, havipimi uzito. Sado iliyobonyea, au iliyojazwa maharage makubwa yanayoachana nafasi, hukupa kilo chache kuliko unavyodhani, na ile yenye kichwa hukupa zaidi. Kwa hiyo uliza bei ya sado, uliza na bei ya kilo, kisha linganisha. Mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo huwa na alama ya ukaguzi; itafute kabla hujatoa fedha. Maharage yaume kwa jino: ya msimu huu huacha alama, ya miaka miwili hugoma, na yanayogoma mdomoni yatakumalizia gesi jikoni. Muuzaji atakutajia Lyamungu, Jesca au Selian, mbegu zilizotoka kwenye vituo vya utafiti vya huku kwetu kaskazini. Maharage ya njano ndiyo yanayowahi kuiva, ingawa huuzwa ghali zaidi.

Mahindi na karanga yachambue kwa macho na pua. Yenye ukungu au harufu ya uvundo usiyachukue kwa bei yoyote, hata ya kulisha kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani yetu wa mlango wa pili. Ukinunua ya kuweka, yawe makavu hasa, na uyafunge kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Huko wadudu hufa bila dawa.

Mchele tafuta wa Magugu au wa Mto wa Mbu, vitunguu vya Mang'ola, na nyanya zilizokaza ngozi. Nyanya za Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha Tengeru pamoja na wataalamu wa mboga wa kimataifa walio hapo jirani, zilisifiwa kwa kustahimili safari. Nyanya usiziweke kwenye friji. Hali ya hewa yetu inatosha kuzihifadhi juu ya meza. Kwenye mboga usikomee kwenye mchicha. Chukua mnafu, chukua loshuu, chukua ngogwe. Rafiki akionja mnafu uliopikwa kwa maziwa, ule uchungu wake mdogo ukatulia, atauliza ulikotoka.

Samaki ni jambo la haraka. Tuko mbali na bahari, na samaki wa baharini anayefika hapa amechoka. Nunua perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, au sato wa Mwanza aliyekaushwa vizuri.

Jikoni, na maji

Siku ya kufika, mpikie mtori. Basi la kutoka Dar humchukua mtu mchana kutwa, na kati ya Juni na Agosti baridi ya hapa humshtua aliyetoka kwenye joto. Nyama ya mifupa ndiyo bora, na bei yake ni ndogo kuliko steki. Chemsha mpaka supu iwe nzito, weka mshare zilizomenywa na vitunguu, zikilainika ziponde kwa mwiko, uimalizie kwa maziwa au siagi kidogo. Kinatosha chungu kimoja kulisha nyumba nzima, na hakuna anayebaki na njaa.

Siku mojawapo mpe loshoro, chakula cha Waarusha na ndugu zao Wamasai: mahindi yaliyokobolewa yakapikwa hadi yakalainika, yakapondwa na ndizi, yakachanganywa na mtindi. Kila nyumba ina namna yake, na bibi yeyote wa Ilboru atakuambia ya jirani yake ni nyepesi mno. Siku nyingine makande. Siku nyingine mwache mgeni apike. Rafiki wa Tanga anayekuna nazi jikoni kwako na kuunga maharage yale uliyonunua Ngaramtoni amekupa zawadi, na amejiona wa nyumbani.

Hapa nataka usikie jambo moja kwa makini. Watu wengi hutia magadi kwenye makande ili yaive haraka. Usifanye hivyo. Miamba ya volkano ya eneo letu hutoa madini ya floraidi kwenye maji, na magadi yanayouzwa masokoni huwa na floraidi nyingi zaidi. Floraidi hiyo ndiyo inayowapa watoto wa miteremko ya Meru meno ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na vyanzo vingi vya kwetu vimepita hapo kwa mbali. Mgeni wa siku chache hatadhurika, lakini mtoto wako anayekula makande hayo kila wiki yumo hatarini. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, upike kwa sufuria ya presha au kwa moto mdogo wa muda mrefu.

Kuhusu maji ya kunywa, kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki huwa kali zaidi. Chuja kwa chujio la mkaa wa mifupa, aina iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi na kituo cha Ngurdoto, au vuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Kama unamnunulia mgeni maji ya chupa, wanywe na watoto. Sioni sababu ya rafiki wa siku tano kupata maji bora kuliko mwanao.

Muulize rafiki kabla hajafika asichokula. Kitimoto kinapendwa sana hapa mjini, lakini kwa rafiki Mwislamu au Msabato sufuria yake isiguse chakula cha mgeni, na njia rahisi ni kutokipika kabisa siku hizo. Msabato hali pia kambale. Mwislamu atataka kujua nyama imechinjwa na nani. Muulize mwenye bucha mbele yake ili atulie. Akija Kwaresima au Ramadhani, pangeni pamoja saa za kula badala ya kubahatisha.

Kutoka mara moja kunatosha. Kwa Mrombo kuna nyama choma inayofuatwa na watu kutoka kila kona ya mji. Nendeni mapema jioni, chagueni nyama kabla haijawekwa motoni, na mkubaliane uzito na bei hapohapo. Kama mgeni anataka kulipa, mwache alipe. Kuna wenyeji wanaogombea bili kwa fedha ya ada ya shule, na rafiki wa kweli huumia akija kujua.

Mwambie pia hali halisi. Sentensi moja inatosha: "Kwetu tunakula hivi, na tumefurahi umekuja." Mgeni anayejua mpaka wa mfuko wako hukaa kwa raha, na akileta sukari au mchele mkononi pokea kwa moyo mweupe.

Siku ya kuondoka

Asiondoke mikono mitupu. Anayerudi kwa basi mpe maparachichi ya hatua tatu: yaliyolainika ya kula njiani, yaliyoanza kulegea ya kesho, na magumu kabisa ya wiki ijayo. Yafunge kwa magazeti ndani ya boksi lenye matundu. Mkungu wa mshare husafiri vizuri ukiwa mbichi. Anayeruka kwenda Ulaya usimpe nyama wala maziwa, kwa kuwa nchi za Umoja wa Ulaya huvizuia kwa abiria, na matunda mengi hudai cheti cha afya ya mimea. Mpe kahawa ya Meru iliyokaangwa na kufungwa.

Kisha rudi kwenye daftari lako. Linganisha wiki ya ugeni na ile uliyoandika kabla yake. Kila ulichonunua kwa ajili ya mgeni, jiulize kama kitanunuliwa tena mwezi huu kwa ajili ya watoto. Mnafu, ndizi kisukari, parachichi, mtindi, maharage mapya: hivi viendelee. Soda na soseji ziache ziende na basi. Panga siku moja ya soko kwa mwezi kwa ajili ya nafaka, uiandike kwenye kalenda ya ukutani, na mwende wawili, baba na mama, au mama na mtoto mkubwa, kwa sababu mzigo wa sokoni umeachiwa wanawake muda mrefu mno. Lakini kabla hujaenda Tengeru na fedha mkononi, pita kwanza kwa Mangi ulipe deni lote la daftarini.